Kadi Niliyomfungia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana kompyuta chumbani kwake, na chumbani kwake mimi siingii. Hilo halina mjadala ukweni kwangu hapa Bagamoyo. Mkwe wa kiume anaishia sebuleni, anakunywa chai na kuangalia miguu yake. Kwa miaka yote ya ndoa yangu kompyuta ile niliijua kwa masimulizi tu, kama watu wanavyoijua pepo.

Ni ya zamani mno. Aliachiwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akifundisha chuo cha uvuvi cha Mbegani, ambaye mama alimpigia chapa barua zake. Mkataba ulipokwisha yule bwana hakutaka kuibeba, nami namwelewa, maana siku nilipokuja kuinyanyua mimi sebuleni mgongo uliniuma mpaka Ramadhani iliyofuata. Na si PC, hizi kompyuta za kawaida za maofisini. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Zamani kila kiwanda kilitengeneza kompyuta yake na mwenendo wake, na disketi ya hii haikusomeka kwenye ile. Ya mama ilikuwa ya nyumbani, ya michezo na kuchora picha. Disketi zake ukizichomeka leo kwenye kompyuta yoyote mjini, unaambiwa hazina kitu.

Nazo zilikuwa na kitu. Mama ni somo. Mabinti wanaokaribia kuolewa hukaa naye, mlango ukiwa umefungwa, na wanayoambiwa humo mwanamume hayajui wala hayaulizi. Somo wake yeye alifariki na kila kitu kichwani, na mama akaapa kwamba kwake haitakuwa hivyo. Basi jioni zake, miaka na miaka, akawa anayapiga chapa. Sasa kioo cha mashine kimeanza kutetemeka, macho yake yamepungua, na mpwa wake wa Fukayosi anayetakiwa kushika nafasi yake anasubiri karatasi. Mashine ikizima siku moja isiwake, imeondoka na kila kitu.

Haya yote niliambiwa na mke wangu. Mama mwenyewe asingeanza mazungumzo kama hayo na mkwewe.

"Mama anauliza, yanaweza kutoka humo?"

Mimi ni mtu wa steshenari. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikaongeza cheti cha kompyuta, jioni vilevile, katika darasa ambalo nilikuwa wa kwanza. Tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa akija kulala. Mke wangu akiniuliza kama jambo linawezekana, sijawahi kumjibu hapana. Nikamwambia yatatoka, na kompyuta yenyewe nitaigeuza PC, mama akitaka hata ndege ataongozea.

Cha ajabu, sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Mashine ile ina nafasi za kuchomekea kadi, na enzi zake ilitoka kadi moja ambayo ni PC nzima iliyobanwa kwenye ubao mmoja: ubongo wake, kumbukumbu yake, na waya wa kisomea disketi chake. Ukiichomeka tumboni mwa mashine unakuwa na kompyuta mbili ndani ya boksi moja, zinazotumia kioo kimoja na kibodi moja. Faili linatoka upande wa zamani, linavuka kwenye kadi, linaandikwa upande wa pili kwenye disketi ambayo kompyuta ya dukani kwangu inaisoma. Kadi niliipata kwa Mjerumani mmoja anayekusanya vitu vya zamani. Ilikuja kwa posta imevishwa soksi, na nadhani ilikuwa imepita nchi nyingi kuliko waziri.

Masharti ya mama yaliletwa na mke wangu, na niliyaelewa vizuri. Mashine itatolewa chumbani na wanawake, iwekwe sebuleni. Nifunge kadi. Nijaribu kwa barua yangu mwenyewe. Kisha niondoke, na yeye na binti yake watahamisha ya kwao. Disketi nisiguse.

"Umesikia?" mke wangu akauliza. "Usiguse."

"Nimesikia kama redio."

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshatangaza. Nilimwambia baba mkwe kwamba Jumapili alasiri nitafufua maiti ya mitambo sebuleni kwake, naye akamwambia rafiki yake. Nilipofika niliwakuta wamekaa kwenye kochi na kanzu zao safi, kama wanaongoja kufungisha ndoa. Baba mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Mtaa mzima unamwogopa, na mbuzi wa jirani wakipita mbele ya nyumba yake hupunguza sauti. Rafiki yake ana duka la vitambaa. Babu yake alitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, lakini yeye kazaliwa mtaa uleule, na kwa maneno ya kuchoma hana mpinzani pwani nzima.

"Fundi," akaniambia, "hiyo unaifungua au unaichinja?"

"Naipandikiza ubongo, mzee."

"Basi na wewe jibakizie kidogo."

Kadi iligoma, ikaombwa, ikaingia. Nikawasha. Upande wa zamani ukaja na rangi zake, halafu katikati kikafunguka kidirisha cheusi na tarakimu nyeupe zikaanza kuhesabu kumbukumbu. Nilitaka kulia. Nikaandika barua fupi, nikaivusha, nikaifungua upande wa PC: "Assalamu alaykum kutoka Bagamoyo." Baba mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo ambalo hakulifanya hata siku nilipoleta posa.

Ningesimama hapo, leo ningekuwa mtu.

"Hayo si umeandika wewe sasa hivi?" akasema yule wa vitambaa. "Sisi tunataka kuona ya zamani yakitoka. Au yameliwa na mende?"

"Yapo, mzee."

"Yapo wapi? Mimi naona kioo. Kioo hata dukani kwangu kipo, wanawake wanajitazamia."

Baba mkwe akanigeukia. Alinitazama tu, vile mwalimu mkuu anavyomtazama mwanafunzi aliyesema daftari amelisahau nyumbani.

Wanawake walikuwa jikoni, nilisikia kalimati zikitumbukia kwenye mafuta. Boksi la bati la disketi lilikuwa kando ya mashine, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Nilijua lina nini. Nikisema nilisahau nitakuwa nadanganya. Mke wangu baadaye nilimwambia nilisahau, na hakuniamini. Nilijiambia, mstari mmoja tu. Wauone mstari mmoja, wanyamaze, nifunge.

Nikachukua disketi ya juu, nikavusha faili la kwanza, nikaagiza lionyeshwe.

Sasa, kazi yangu ina mazoea yake. Mteja anakuja na barua ya kuomba kazi, au malalamiko ya shamba lake huko Makurunge, na wengi miwani wameiacha nyumbani. Unachapa huku unamsomea kwa sauti, ili akukatize ukikosea. Nimefanya hivyo mpaka sioni maandishi kwenye kioo bila mdomo kuondoka nayo. Nikiwa peke yangu navisomea viti. Na kadi ile ni ya polepole. Mistari inakuja mmoja mmoja, kama mtu anayefikiri, yaani ilikuja kwa mwendo uleule wa mdomo wangu.

"Bibi harusi, nisikilize," nikasoma, kwa sauti yangu nzuri ya dukani. "Mume akifoka, usishindane naye. Wangu mimi akifoka namnyamazia. Nakaa nakanda unga wangu wa chapati taratibu, mpaka mwenyewe anakuja kuniuliza kama nimemkasirikia. Anaogopa kunyamaziwa kuliko nyoka. Basi nikiona ameshalainika, usiku ukiingia..."

Hapo ndipo masikio yalipoufikia mdomo. Nilinyamaza, lakini kioo hakikunyamaza. Mistari iliendelea kupanda, na kitufe cha kuisimamisha, nilichokifaulu kwenye mtihani wa cheti kwa alama za juu, hakikuja kichwani. Nikakiziba kioo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuku mlangoni. Mikono haikutosha.

Yule wa vitambaa alikuwa akisoma dari.

"Nimekumbuka sijafunga duka," akasema, siku ya Jumapili, duka likiwa halijafunguliwa. Aliondoka haraka hata viatu hakuvitazama. Mguu mmoja alivaa cha kwake, wa pili cha baba mkwe. Baba mkwe mwenyewe alikaa palepale, anaviangalia viganja vyake, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kalimati. Sijui alifika kwenye mstari gani. Aliweka sinia mezani, akapita nyuma yangu, akachomoa waya ukutani. Akachukua bati lake na ile disketi, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningeshukuru.

Visa vyangu kwa kawaida nikivisimulia mara ya pili vinakuwa vimenenepa. Hiki kila nikikisimulia kinakonda. Naruka mstari huu, naruka ule, na kuna siku nilimsimulia mtu kikaishia kwenye soksi ya Mjerumani.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu alitembea mbele.

"Umemvua nguo mama yangu mbele ya watu."

"Ilikuwa mistari michache."

"Na baba yangu pia. Sasa mama akikanda chapati, baba akae wapi?"

Niliongeza mwendo nimfikie, naye akaongeza.

"Na binti wa watu wa Mbegani anatakiwa kuletwa kwa mama mwezi ujao," akasema. "Somo ambaye maneno yake yamesomwa na mwanamume sebuleni, nani atamkabidhi mwanawe? Mimi ndiye niliyemhakikishia mama kwamba wewe unaweza kuaminika. Mimi."

Nilimtuma mshenga wangu wa zamani kwenda kuniombea radhi. Alirudi na salamu nzuri na ujumbe kwamba nisiende kwanza. Nilisikia baba mkwe haonekani barazani kwenye bao, eti ana mafua. Nilipita mara kadhaa kuhakikisha. Mafua yale yalikuwa marefu, na kila nikipita walionizoea walikuwa wakinitania kuhusu kompyuta. Walikuwa hawajui kitu. Yule wa vitambaa, pamoja na ulimi wake wote, hakusema. Hata hilo liliniumiza. Mtu niliyemwona mropokaji alikuwa amefunga mdomo, na mimi niliyeaminiwa nikawa nimeufungua.

Kadi ilibaki ndani ya mashine, nayo ilifanya kazi. Mashine ilirudishwa chumbani, na mama na mke wangu wakahamisha faili wenyewe. Mimi nilisimama nje, chini ya dirisha lililofungwa, nikimwelekeza mke wangu kwa simu, amri moja baada ya nyingine, herufi kwa herufi. Sikuuliza wanaona nini. Kila aliponiambia "imeandika," nilijibu "vizuri." Sidhani kama nimewahi kuzungumzia kompyuta kwa maneno machache hivyo.

Ikabaki kuchapisha, na printa iko dukani kwangu. Walikuja asubuhi, mama amejifunika buibui, bado hanitazami. Nikatoka nje, mlango ukafungwa, nikasimama barabarani nimeupa mgongo. Dereva wa bodaboda anayeegesha pale akaniangalia sana.

"Umefukuzwa dukani kwako?"

"Nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Na mwenye haki."

Alisubiri kichekesho kinachofuata. Hakikuja, akawasha pikipiki yake akaenda. Ndani printa ilikuwa inakokota karatasi, na wakati fulani niliwasikia wote wawili wakicheka. Nilisogea mpaka ng'ambo ya barabara nisisikie wanacheka nini.

Baadaye mke wangu aliniita. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, karatasi zimefungwa ndani ya kanga mapajani. Hakuninyanyulia macho, lakini alisema na mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Baba, haya yamepita kwenye mashine yako. Mkeo anasema ameyafuta. Yakifutwa humo, yamefutika?"

Kila mteja huniuliza hivyo, awe na cheti au barua ya talaka, na kila mteja namjibu yamefutika, hata malaika hawayaoni. Jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Hapana, mama," nikasema. "Hayafutiki. Mtu anayejua anaweza kuyarudisha."

"Wewe unajua?"

Maisha yangu yote nimetamani ukweni waniulize ninachojua.

"Najua, mama."

Akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikachukua bisibisi, nikafungua kompyuta ya duka, nikatoa diski ya ndani yenyewe na kila kilichokuwamo: barua za watu, katiba za vikundi, kadi za harusi ambazo mwenyewe angezifuata kesho yake. Mke wangu akanishikia kifuniko. Nikaiweka diski kiganjani mwa mama kwa uangalifu nisimguse. Akaifunga ndani ya kanga pamoja na karatasi, akasimama.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kuwa sikuwa na lingine.

"Marahaba," akajibu, akiangalia barabara.

Diski mpya nimeagiza. Kwa sasa natoa fotokopi tu, na mwenye kadi za harusi akipita ananitukana kwa majina yote aliyofundishwa na mengine anatunga. Namwambia diski imeondoka. Imekwenda wapi, simwambii. Binti wa Mbegani, mke wangu ananiambia, alipelekwa kwa mama kama ilivyopangwa. Baba mkwe amerudi barazani, ingawa huondoka mapema. Mimi kule bado sijaitwa.