Zamu ya Asiyelala

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi usiku maumivu yaliponiamsha kwa mara ya kwanza. Nilidhani nimelalia mikono. Nilipowasha koroboi nikaona viungo vya vidole vyote vimevimba, vina joto, na ngumi haifungi. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Kitabu changu cha afya kilieleza baridi yabisi kwa mistari minne, yote ikihusu wazee.

Nikaanza kuandika saa kwenye daftari. Baada ya wiki sita niliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: nikifanya kazi maumivu hupungua, nikilala hurudi. Asubuhi mke wangu alinifunga vifungo vya shati, na mpaka saa nne sikuweza kushika kikombe kwa mkono mmoja.

Tulikuwa nyumba tano pembeni mwa Ilembo, tukikaushia tumbaku katika bani moja, yaani banda la kukaushia majani kwa moto. Kila nyumba ilileta kuni na kushika zamu ya kulinda moto usiku. Mimi shoka lilinishinda, na asiyeleta kuni hakuwa na haki ya kutundika majani yake. Nilijua nitaondolewa. Jirani yangu, Mkonongo aliyezoea kunitania, ndiye aliyepata njia.

"Si huyu hapati usingizi?" aliwauliza wenzetu. "Mpeni usiku wote. Kuni zake tutakata sisi."

"Wanaokesha tunawajua ni watu gani," mmoja akasema.

"Basi tumepata mchawi wa kutufanyia kazi bure. Nyie mnalalamika nini?"

Tulicheka wote. Ratiba ya zamu ikafutwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo nilikesha peke yangu kwenye mdomo wa tanuri, viganja nimevibandika ukutani penye joto. Kila nusu saa nilichungulia kipimajoto. Mara tatu tulikausha bila hasara.

Mara ya nne majani yalipata rangi nzuri kama ndizi mbivu, ikabaki kukausha mshipa wa kati. Hapo moto haushushwi. Bani likipoa, maji yaliyobaki kwenye mshipa hurudi kwenye jani na kulitia weusi.

Mchana ule tabibu wa zahanati aliniuliza kama napata usingizi. Nikajibu sipati. Akanidunga sindano, akanipa vidonge, akasema nimeze viwili jioni. Sikumwambia kuwa nina kazi ya usiku. Kwa miezi mitano sikuwa nimelala zaidi ya saa mbili mfululizo, na niliamini usingizi umenitoka moja kwa moja, kama meno yanavyomtoka mtu. Nikameza saa moja jioni, nikachochea moto, nikakaa.

Nakumbuka kuchungulia kipimajoto saa mbili na nusu. Kisha ni jua, na mke wangu ananitikisa bega.

"Baba watoto! Moto!"

Tanurini kulikuwa na majivu tu. Vidole vyangu vilikunjika bila shida. Nilivikunja mara tatu kabla sijasimama, na jambo hilo naliona aibu mpaka leo.

Tulipofungua mlango, kila jani lilikuwa na mstari mweusi katikati. Hakuna aliyenitukana. Jirani yangu alichomoa jani moja, akalinusa, akalitupa.

"Angalau umelala vizuri, kaka?"

"Nimelala," nikamjibu.

Jioni ile ratiba ya zamu ilirudi ukutani. Ilikuwa na nyumba nne. Vidonge vikaisha baada ya siku tano, na usiku uliofuata, saa tisa, maumivu yaliniamsha tena. Nilikuwa kitandani, sina moto wa kulinda.

Tumbaku ile ilipimwa kilo mia moja na thelathini. Kila kilo ilinunuliwa kwa shilingi sita na nusu pungufu ya ile tuliyokausha kabla yake. Nilipiga hesabu ya hasara mara mbili: shilingi mia nane arobaini na tano.