Herufi K iliyotaka kuhamisha kijiji

Saa mbili asubuhi, Jovitha Lwakatare anatandaza karatasi ndefu mezani na kupitisha kidole mstari kwa mstari wa maelekezo aliyoiandikia mashine. Hawashi mashine kabla hajajua kila jina limetumika wapi.

Jovitha, 29, mzaliwa wa Bukoba, huandika maelekezo ya mashine ya hesabu, yaani kompyuta, katika ofisi moja ya maji mjini Mwanza. Mshahara wake ni shilingi 1,150 kwa mwezi, na sukari huipata kwa foleni kama wengine.

Machi mwaka huu wa 1983, mashine ilitoa jibu kwamba ziwa lingefika mita 13 kwenye kipimo, kiasi cha kufurika hadi mashambani. Kaya 64 za kijiji kimoja ng'ambo ya ziwa, zilizokwisha kuhamishwa mara moja enzi za kuanzisha vijiji vya ujamaa, zikaamriwa kuhama tena.

Wiki iliyofuata mkulima mmoja wa kijiji hicho, Mzee Shimba Maige, alifika ofisini. Jovitha alimwamkia, akamkalisha. Mzee alieleza kwamba maji hayajasogea hata hatua moja kuelekea mihogo yake.

Jovitha alirudi kwenye karatasi. Siku ya pili akaona kosa. Mwenzake Josephat aliandika sehemu ya kwanza ya maelekezo, ambamo jina K ni kina cha maji. Jovitha, katika sehemu ya pili, alitumia K kuhesabia miezi. Mashine ile haidai jina litangazwe kwanza, wala haiwekei jina mpaka. Likitajwa popote, linajulikana kote. Miezi kumi na miwili ilipokwisha, mashine ilisogeza hesabu moja mbele kama kawaida yake, K ikabaki na 13. Kina halisi, mita 11.4, kikafutika.

"Ingesema mita mia, tungeshtuka," anasema. "Kumi na tatu iliaminika."

Mkuu wake alishauri wasahihishe kimyakimya. Jovitha alikataa. Alipanda pantoni hadi Kamanga, akatembea saa mbili, akasimama mbele ya mkutano wa kijiji. Kaya tano zilikuwa zimekwisha kuezua nyumba.

"Kosa ni langu," aliwaambia. "Si la ziwa."

Kisha Mzee Maige akauliza kama angebaki kusaidia kuezeka. Alibaki siku mbili. Aprili amri ilifutwa.

Sasa ana daftari linaloonyesha kila jina, kazi yake na linapoishia. Ameomba nafasi ya masomo Dar es Salaam, kujifunza lugha za mashine zinazokataa jina lisilotangazwa na kuacha kila sehemu itunze majina yake.

"Nataka mashine ya kunikatalia," anasema. "Nikikosea, nikosee hapa mezani, kabla mtu hajaezua nyumba yake."