Figo Lisilo na Kofia

Feruzi, mchinjaji wa Rumonge, alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito. Na ukiwa na ulimi mzito, wenzangu, watu watakusemea, tena hawatakusemea mema. Ndiyo yaliyomkuta.

Zama hizo za Mjerumani, daktari mmoja alipiga kambi kando ya ziwa kwa ajili ya wagonjwa wa malale. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Juu ya figo la mbuzi, ndani ya mafuta, kuna kinyama kidogo kimekaa kama kofia kichwani. Daktari alisema kinyama hicho kina maji yanayoiamrisha damu, akamwomba Feruzi amletee kila anapochinja.

"Yanaiamrishaje, Bwana?" Feruzi aliuliza.

Daktari hakujibu kwa maneno. Alizisaga zile kofia, akachuja, akamdunga mbuzi matone machache. Mshipa wa yule mbuzi ulikuwa umeunganishwa na bomba la kioo lenye zebaki. Zebaki ikapanda. Ikapanda tena, kama mtu anayeinuka kitandani akisikia anaitwa, kisha ikashuka polepole. Feruzi akabaki kinywa wazi. Tangu hapo, hata akiwa anakunywa kahawa, ungemkuta amejishika mshipa wa mkono, anausikiliza.

Basi akajifunza kusaga, kuchuja, kuusoma mstari wa zebaki. Miaka ikaenda. Walikuwa wakigombana kwa jambo moja tu: daktari alizitaka kofia zingali na moto, na Feruzi alikuwa akiweka kiganja ubavuni mwa mbuzi na kungoja.

"Upesi, Feruzi, upesi!"

"Bado, Bwana. Kilichokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Nami watu wanakula kutoka mkononi mwangu."

Daktari alikuwa akipiga mguu chini kama mtoto, halafu anangoja.

Sasa, kwao mchinjaji akioa, figo la Ijumaa ni la mama mkwe, tena liende limevaa mafuta yake yote. Ijumaa moja Feruzi alikuwa na mbuzi mmoja tu. Akazitoa kofia kwa ajili ya daktari, mafuta yakatoka nayo, na mafigo akayapeleka hivyohivyo. Aliona ni kitu kidogo. Hakusema neno.

Mama mkwe wake, Bi Sikuzani, aliitazama sahani.

"Ananitumia figo uchi? Nani ameshalivua kabla yangu?"

Jirani yake Idi, muuza dagaa, hakosi neno. "Mama, haujui? Kofia zinakwenda kwa Muzungu. Wanapika mumiani, dawa ya damu! Leo iko mbuzi, kesho iko mutu."

Zuwena, binti wa Bi Sikuzani na mke wa Feruzi, alimuuliza mumewe jioni hiyo, "Baba, mnapika nini kule kambini?"

"Kazi," alijibu Feruzi.

Neno moja! Zuwena alilingoja la pili, halikuja. Akafunga nguo zake, akarudi kwa mama yake.

Ijumaa zilizofuata Feruzi alipeleka mafigo yenye mafuta hadi yanang'aa. Sahani ilirudi haijaguswa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mke wake arudi, na hakujua aanzie wapi kusema.

Mchana mmoja Zuwena alimjia mbio machinjioni, kanga imelowa damu.

"Mama anatokwa damu puani tangu asubuhi. Maji baridi tumemwagia, majani tumeponda. Feruzi, mama anaisha!"

Daktari alikuwa ameenda kwa wagonjwa upande wa Nyanza. Lakini Feruzi aliwahi kumwona akimziba askari pua iliyokuwa ikitoka damu, kwa maji yaleyale. Akachukua kichupa alichokichuja mwenyewe, na pamba, akakimbia.

Mlangoni akasimama ghafla. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, sembuse kumshika pua! Akabaki nyuma ya pazia.

"Zuwena, chovya pamba. Kidogo tu. Isukume taratibu, kama unatia utambi kwenye taa. Haya, mbane pua."

Sauti ya Bi Sikuzani ikatoka ndani, ya puani. "Mkwe wangu! Hii iko damu ya nani?"

"Si damu, mama. Ni maji ya kofia ya figo la mbuzi. Yanaiambia mishipa ijibane."

"Na huyo mbuzi, alitulia kwanza?"

Hapo ulimi wa Feruzi ulifunguka. "Alitulia, mama. Nilimwekea kiganja mpaka moyo ukanyamaza. Bwana ananipigia kelele, nami nangoja. Wote nimewangoja. Zile kofia nilikuvua wewe, nilikosa, nilidhani ni mafuta tu. Mama, ungeiona zebaki inavyopanda..."

Akaeleza zebaki, akaeleza bomba, jasho likimtoka. Zuwena alisikiliza, kidole na gumba vimebana pua ya mama yake. Hajawahi kumsikia mumewe akisema mengi hivyo, hata siku ya posa.

"Imesimama," alisema polepole.

Bi Sikuzani akaguna. "Hayo yote yalikuwa tumboni mwako, unaniletea figo uchi na mdomo umefunga! Zuwena, mpe mume wako maji anywe. Na nguo zako ziko kwenye kapu."

Mbuzi aliyefuata, viganja viwili vilikuwa ubavuni mwake, cha Feruzi na cha Zuwena.

"Upesi!" alipiga kelele daktari.

Feruzi alifungua kinywa, lakini mkewe alimtangulia.

"Bado, Bwana," alisema Zuwena. "Huyu bado."