Mwenye Hoteli Aliyeitwa Osk

Ardis Tveit alikuwa mpishi wa shule huko Duluth, na majira ya theluji ya mwaka 1996 yalimkuta amenaswa na mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Ulikuwa maandishi matupu. Unaandika "nenda kaskazini", nayo mashine inakuandikia kilichoko huko. Watu walioingia kutoka miji mingine wanakusalimu kwa maandishi vilevile. Humo ndani Ardis aliitwa Fenna.

Mumewe, Merle, hakuelewa lolote ila kwamba mchezo unapita kwenye waya wa simu ya nyumbani.

"Dada yangu kaja mpaka hapa," alilalamika. "Kapiga simu mchana kutwa, haiingii. Alidhani tumekufa."

"Ungemwambia bado."

"Ningemwambiaje, nawe umeikalia simu?"

Rafiki mkubwa wa Fenna alikuwa Osk, mwenye hoteli katika mji ule wa maandishi. Huyo ndiye aliyemfundisha kuvipa vitu uhai. Seva, kompyuta kuu iliyouendesha mchezo, ilikuwa na amri zake ilizozaliwa nazo: moja, ukiipa kitu, inakutajia jina lake, nyingine inakutajia mwenye kukimiliki, nyingine inachagua neno kwa bahati nasibu. Unazipanga kwa mabano, moja ndani ya nyingine kama sufuria kabatini, na kitu ulichokiunda kinaanza kusema.

Osk alimwomba aunde mlango wa hoteli, umsalimu kila aingiaye kwa jina na kumwambia hoteli ni ya nani. Ardis akahangaika nao, akaumaliza, akawaita wageni. Wa kwanza akaingia. Mlango ukasema: "Karibu, Mlango. Hii ni hoteli ya Osk." Wa pili naye: "Karibu, Mlango." Watu wakacheka hadi wakachoka.

"Umeandika 'mimi'," Osk akamwambia.

"Si mimi ndiye ninayeandika?"

"Unaandika wewe, lakini anayesema ni mlango. Mlango ukisema 'mimi', ni nani huyo?"

"Wewe unanichanganya makusudi."

"Ulikuja umechanganyikiwa tayari, mama mpishi. Kuna alama ya yule anayeingia. Weka hiyo."

Akaiweka, mlango ukatengemaa. Kesho yake alimshukuru tena Osk kwa somo lile, naye Osk akajibu, "Somo gani, mpenzi? Goti lako linaendeleaje?" Ardis akaduwaa. Alikuwa amemweleza habari za goti, ndiyo, lakini siku nyingine alipolitaja, Osk aliuliza goti gani. Leo anatania, kesho anabembeleza. Leo anakumbuka hili, kesho lile. Ardis akasema moyoni, wanaume ndivyo walivyo, akayaacha.

Kisha Osk akapotea. Wiki zikapita hoteli haina mwenyewe. Siku moja Ardis akaingia, mlango ukamwambia: "Karibu, Fenna. Hii ni hoteli ya Fenna."

Akajua ameharibu kitu. Akaifungua amri, akaisoma herufi kwa herufi, akaifuta, akaiandika upya. Hoteli ya Fenna. Akabadili mabano. Hoteli ya Fenna. Jikoni shuleni akaunguza viazi vya watoto kwa kuwaza mabano. Mwishowe akamwendea Tindra, mmoja wa wasimamizi wa mchezo, ambao humo huitwa wachawi.

"Mlango wangu umeharibika."

"Haujaharibika," Tindra akamjibu. "Umeuliza mwenye mali, seva imekujibu. Mwenye mali ni wewe. Osk aliomba vyote viwe vyako."

"Kwa nini hakuvihamisha mwenyewe?"

"Alisema hajui amri."

"Osk? Osk ndiye aliyenifundisha amri!"

"Hata mimi nilishangaa."

Ardis akamwachia Tindra namba yake ya simu ampelekee Osk. Jumamosi simu ikalia, Merle akaipokea.

"Mwanamke anamtaka Fenna," akasema. "Nimemwambia amekosea namba."

"Nipe hiyo simu, wewe!"

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu. "Naitwa Marjean Ostby, nipo Fargo. Mimi ni Osk. Mimi na mume wangu, Wendell. Tulikuwa tukipokezana kiti cha kompyuta. Mwanzo hatukujua kama tunaweza kuwa na majina mawili, halafu tukaona raha kusubiri nani atatugundua. Hakuna aliyetugundua."

"Na Wendell..."

"Moyo. Alikuwa akikwangua theluji kwenye gari. Mambo ya mabano aliyajua yeye, mimi nilikuwa wa maneno tu."

Ardis akampa pole. Kisha akauliza lililomsumbua. "Siku ile mama yangu anapasuliwa hospitali, Osk aliandikiana nami mchana kutwa. Nilikuwa na nani?"

"Nilianza mimi. Nikaenda kuchemsha kahawa, nikarudi nikamkuta Wendell amekalia kiti anakuandikia, analia. Baadaye tukawa tunapokezana. Usiniulize neno lipi la nani, dada. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki."

Alipoweka simu, Merle alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo rafiki yako amekufa?"

"Ndiyo." Akafikiri. "Hapana. Yupo Fargo."

"Yupi sasa?"

"Sijui, Merle. Niache kwanza."

Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, kaburi halichimbiki, basi Wendell akangoja kuzikwa hadi mwezi wa tano. Merle aliendesha gari njia nzima hadi Fargo bila kunung'unika, bakuli la viazi na nyama likiwa limefunikwa kwa karatasi ya bati miguuni pa Ardis. Baada ya maziko, katika ukumbi wa chini wa kanisa, watu wakinywa kahawa, mzee mmoja alimwuliza alimjuaje Wendell. Kabla Ardis hajajibu, Marjean, bibi mfupi mwenye miwani mikubwa, akamshika mkono akamwambia mzee, "Huyu ni wetu."

Picha ya marehemu ilikuwa mezani kando ya maua: mtu mwenye upara na masikio makubwa, hacheki. Ardis aliitazama kwa muda mrefu, akijaribu kuyatia kinywani mwa Wendell maneno ya Osk aliyoyakumbuka. Mengine yalimkaa sawasawa. Mengine yalikataa, akamgeukia Marjean, na kwake nako hayakukaa vizuri.