Wa Ng'ombe au wa Chama?

Mchana ule tulikuwa barazani tukichambua pamba, safi huku, fifi iliyochafuka kule. Nilikuwa likizo, kidato cha tatu. Kaka yangu Masunga alikuwa akinichongea kwa mama.

"Mayu, huyu msomi wako anachanganya fifi kwenye safi. Wanunuzi watatufukuza."

"Mwache," mama alisema. "Anawaza."

Ni kweli nilikuwa nawaza. Hata sasa, nimemaliza chuo kikuu na sina ajira, kuwaza ndiyo kazi yangu kubwa. Na ninachokiwaza zaidi ni sauti ya mama.

Kwetu, karibu na Shishiyu, mtu akivamiwa hupiga mwano: ukelele mrefu unaopanda juu na kukatika ghafla. Anayeusikia huacha alichoshika, huchukua upinde na kukimbilia unakotoka, huku naye akiupiga ili wa mbali wausikie. Wezi wa ng'ombe walipoanza kuja na bunduki, mwano ndio uliotulinda. Kamanda wa sungusungu, Mzee Jilala, aliishi ng'ambo ya kijito. Asiyeitikia mwano alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto, kisimani watu wanampisha kama mgonjwa. Hakuna aliyeona kwamba ni ukali.

Kisha vikaja vyama vingi. Chama kipya kilifanya mkutano upande wetu, kwenye uwanja wa shule. Mgeni wao alipoahidi bei nzuri ya pamba, wanawake walipiga vigelegele, na upepo ukavivusha kijito. Ng'ambo wakasikia mwano. Walitokea mbio, pinde mkononi, wakakuta gari geni na vijana wasiowajua. Mshale mmoja ukampata mgeni pajani.

Mgeni alipona. Lakini polisi walimchukua Nkuba, mtoto wa Jilala, na aliporudi alikuwa anachechemea. Upande wetu ukasema: walijua ni vigelegele, walitumwa kuvunja mkutano. Ng'ambo wakasema: mlipiga vile makusudi, mtupeleke mahabusu. Doria zikagawanyika. Watu waliooleana wakaacha kunywa pombe pamoja. Siku moja gulioni Mzee Jilala akasema mbele ya watu:

"Sasa mkipiga, tutauliza kwanza. Ni wa ng'ombe au wa chama?"

Watu walicheka. Masunga alicheka kuliko wote. Nyumbani, mama akimwita kula, anajibu kutoka zizini: "Wa ng'ombe au wa chama?"

Wezi walikuja mchana ule wa pamba, jua likiwa bado juu, ng'ombe wakirudi kutoka majini. Tuliona vumbi kwanza, kisha mtu mwenye koti refu, kisha bunduki.

Mama alipiga mwano.

Niliwaona wanaume wa ng'ambo uani kwa Jilala. Pinde zilikuwa mikononi. Walisimama.

Mama akapiga tena.

Masunga alikimbia na binamu zetu. Alifika kwenye ua wa minyaa.

Mlio mmoja. Mwingine.

Akakaa chini, kama mtu aliyechoka.

Mama aliendelea kupiga mpaka sauti ikamwishia. Ng'ombe walikuwa wameshavuka mbuga.

Jilala alikuja msibani, akakaa mbali na wanaume wengine. Mama alipopita karibu alisimama.

"Mama Masunga, siku ile tulidhani..."

"Kunywa maji, Baba Nkuba," mama akamkatiza, akaenda zake.

Sentensi ile niliimalizia mimi, kwa miaka. Tulidhani ni vigelegele. Tulidhani ni mtego. Nilikumbuka upepo ulivuma kuelekea wapi, kisha nikatilia shaka kumbukumbu yangu. Chuoni niliwahi kufunga mlango wa chumba na kujaribu sauti zote mbili, polepole, nijue kama sikio linaweza kukosea. Linaweza, nilijiambia. Nilitaka liweze.

Mwaka huu nilimkuta Nkuba mjini Bariadi, ana kibanda cha vipuri vya baiskeli. Ilikuwa asubuhi. "Mwangaluka, dada," alinisalimu, akanipangusia kiti. Nikamuuliza kama siku ile walidhani ni vigelegele.

"Hapana," alisema. "Tuliujua. Na bunduki tulizisikia. Kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake, aone nani ataanza."

"Na baba yako?"

"Alikuwa ananiangalia mimi. Mguu huu."

Nilipomweleza mama, hakuacha kupepeta mtama.

"Nilijua siku ile ile. Mtu mwenye shaka anageuza shingo, anauliza. Wale walisimama wananitazama."

"Basi kwa nini ulimkatiza msibani?"

"Angesema uongo na mwanangu hajazikwa, na mimi ningemjibu. Tunachota kisima kimoja, mwanangu."

Wezi bado wanakuja, mara chache. Lakini mwano kwetu haupigwi tena. Anayevamiwa siku hizi hupiga kelele akiita majina ya ndugu zake, mmoja mmoja, na asiyetajwa hufunga mlango.