Boriti za Mama na Wafalme wa Bama

Mama yangu alimjua mfalme wa mwisho wa Bama kuliko alivyowajua majirani zake wa Al Qabil, kijiji chetu katika nchi ya Waarabu. Alimrithi kwa baba yake, askari wa keya, jeshi la kikoloni, kutoka Tabora, ambaye Waingereza walimpeleka Bama, mashariki ya Bara Hindi, kuendesha lori wakati wa vita vikuu. Babu alirudi na kovu la mguuni na hadithi moja. Wenyeji walimsimulia kwamba mfalme wao wa mwisho alitolewa katika jumba lake la mbao, akapandishwa gari la ng'ombe pamoja na malkia, watu wakilia njiani, akatiwa melini hadi Bara Hindi, na huko akafa. Mama aliisikia hadithi hiyo akiwa mtoto, na nyumbani kwetu mfalme yule akawa kama mjomba aliyepatwa na msiba.

Basi kaka yangu alipomaliza kujenga nyumba Ibra na kumwomba Mama ahamie kwake, jibu lilikuwa tayari. Kila Ijumaa kaka aliegesha gari lake kubwa mlangoni, na Mama, kabla hajaitikia shikamoo, alimuuliza kama amekuja na gari la ng'ombe.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye mimi sikucheka tena. Nyumba yetu ya Al Qabil ni ya udongo, ya mababu wa baba yangu, na mvua kubwa ya mwaka ule iliuacha ukuta wa chumba cha Mama umepasuka kiasi cha kupitisha mkono. Fundi aliyekuja kuutazama alisema hautaivumilia mvua nyingine ya namna ile. Mimi nafundisha historia Nizwa, na kila wingu lililosimama juu ya mlima wa Jabal Akhdhar lilinitia homa. Nikimpigia simu, Mama alinijibu kwamba ukuta mzima na yeye mzima, nisimwombee mabaya.

Haki yake pia niiseme. Tabora alitolewa na ndoa, Unguja akatolewa na mapinduzi, akiwa na kanga aliyoivaa tu na kaka yangu mgongoni. Alipofika Al Qabil hakuwa na mtu aliyemjua ila mumewe. Kilichompokea, husema, ni dari. Alilala chali akaziona boriti za mikoko, miti ya pwani aliyotoka, ambazo mababu wa mumewe walizileta kwa bahari hadi Sur na kuzipandisha ngamia hadi huku. Moshi wa ubani wa miaka na miaka ulikuwa umezifanya nyeusi kama masizi ya sufuria. Akajua si yeye wa kwanza kuvuka. Tangu hapo kila jioni huzifukizia ubani, na chini yake ndipo alipotulea, akatuzalia wadogo zetu na kumuuguza baba.

Siku moja, katika maktaba ya shule, nilikutana na kitabu cha Kiarabu juu ya wafalme wa Bama. Mwalimu mzima wa historia, niliyelelewa na mfalme wa Bama, sikuwahi kumsoma. Kumbe ukoo wao ulianzishwa na mkuu wa kijiji tu, aliyekataa kuwainamia waliouteka mji mkuu. Na waliomfuata hawakujua kutulia: huyu akitawala hapa, mwanawe anauhamishia mji kule, mjukuu anaurudisha. Wengine walikuwa makatili, ndugu akimuua ndugu kwa ajili ya kiti, na nilipofika hapo nilimkumbuka kaka yangu na ubishi wake, nikacheka peke yangu. Kisha nikafika kwa baba wa yule wa mwisho. Huyu alipotaka mji mpya hakuliacha jumba nyuma. Alilibomoa kwa utaratibu, ndovu wakazibeba nguzo zake, likasimamishwa tena katika mji huo, Mandalay. Jumba lile ambalo mfalme wetu alitolewa huku watu wanalia, lenyewe lilikuwa limekwisha kuhama.

Alhamisi hiyo nilitoka kazini nikashika moja kwa moja njia ya Sharqiyah, kwenda kwa Mama. Nilimkuta Mama anawasha chetezo. Nikamsimulia yote, naye alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni la nadra. Aliuliza kama hakuna nguzo iliyovunjika njiani. Nikasema kitabu hakikueleza. Akazitazama boriti mpaka makaa yakaanza kupoa.

"Baba hakunambia haya," alisema. "Yeye kanambia ya gari la ng'ombe tu."

"Labda hakuyasikia, Mama."

"Basi mwambie kaka yako, khalas, mie ntakwenda. Lakini na boriti zangu. Ntalala chini yake kule kama n'navyolala hapa."

Kaka alishika kichwa, kwani nyumba yake ni ya zege na haihitaji boriti hata moja. Lakini furaha ilimzidi, akakubali kuziweka chini ya zege, ziwe dari ya pili. Hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Kwa heshima ya Mama, chumba chake alikijenga kipana kama majlisi ya kupokelea wageni wa kiume. Boriti moja iliyotangulia kuletwa ilipopandishwa ili kujaribiwa, ncha moja ilikaa ukutani na ya pili ikaning'inia hewani. Wazee wetu, wa Unguja na wa huku, walijenga chumba kwa kufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyao vyote ni vyembamba. Kaka yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alilisahau hilo. Fundi akashauri miti iungwe kwa chuma, na habari zikamfikia Mama kabla ya adhuhuri.

"Akizitia chuma boriti zangu," aliniambia kwa simu, "mie sendi."

Niliogopa kweli, maana mawingu yalikuwa yameanza tena. Kaka alinuna siku kadhaa. Kisha akajenga ukuta wa pili ndani ya chumba, kilichobaki kikawa stoo, akawa analalamika kwa kila mteja kwamba amemjengea mama yake ujia.

Siku ya kuhama, Mama alilikataa gari la kaka. Alipanda lori, mbele, karibu na dereva wa Kipakistani, na boriti zake nyuma. Akaligongagonga lile lori akamwambia dereva kwamba huyu ndiye ndovu wake. Dereva, ambaye hakuelewa kitu, alijibu kwamba ni vyema, "Zen, mama, zen." Mimi niliwafuata nyuma nalia na kucheka njia nzima hadi Ibra.

Dari ilipokamilika tulimlaza kitandani. Alizitazama moja moja, mpaka jicho likasimama kwenye mti mmoja mweupe katikati ya weusi. Kaka akaeleza kwa unyonge kwamba ile ya zamani ililiwa na mchwa, hii ni mpya, na kesho ataipaka rangi ifanane na nyingine.

"Usiipake kitu," Mama alisema. "Leteni chetezo. Itashika moshi taratibu kama wenzake. Mie nipo."

Kaka akatoka kwenda kutafuta makaa.