Fundi Aliyemgeuza Samaki wa Mwisho

Saa tatu asubuhi, Mama Samaki anavua viatu, anapanda juu ya meza na kulegeza vyuma viwili vinavyomshikilia samaki ukutani. Anashuka naye taratibu, kampakata kama mtoto mchanga. Ile methali ya samaki mkunje angali mbichi hapa haifui dafu: huyu alikauka miaka sitini iliyopita, na pezi lake ukilikunja kidogo tu linavunjika.

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa katika chumba cha nyuma cha makumbusho. Anatunza samaki arobaini na mmoja, ngozi halisi zilizovishwa juu ya plasta. Anafuta mafuta ambayo ngozi huyatoa hata baada ya miongo, anaunga mapezi kwa gundi na karatasi laini, anarudishia rangi. Mshahara wake ni wa mpaka rangi wa kuta. Walinzi humtania kwamba mifugo yake haili wala haizai.

Lakini huyu si wa utani. Ziwani hajaonekana kwa miaka arobaini, na picha yake ya rangi haipo. Watoto wa shule huletwa hapa wamjue, nao hurudi kwao wakichora samaki wa kijivu.

Kijivu hicho alikipaka baba yake Mama Samaki, fundi aliyemtangulia, juu ya rangi ya zamani iliyofifia, samaki akiwa hapo hapo ukutani kwa kuogopa kumvunja. Mwezi uliopita mzee alikiri jambo lililomkera miaka yote. Samaki wa aina hiyo aliwaona sokoni tu, juu ya barafu. Samaki akifa rangi humtoka, na yeye alipaka alichokiona.

"Nilimpaka rangi ya maiti, mwanangu," alimwambia. "Ifute."

Kufuta nako si mchezo. Pamba ikizidi kidogo, inaondoka na rangi ya fundi wa kwanza, aliyeletewa samaki akiwa hai, na hakuna mwingine wa kuulizwa. Wiki tatu Mama Samaki hakuthubutu. Ndipo akawaza kuhusu upande wa samaki ulioelekea ukuta, ambao baba yake hakuufikia wala jua halikuuchoma.

Leo anamgeuza. Anapuliza vumbi, anapitisha pamba yenye maji mara moja, kisha anaketi sakafuni. Ubavu mzima una rangi ya shaba, na katika kila gamba kuna nukta ya buluu, ndogo kama punje ya ulezi. Kuna mtu alizipaka moja moja, upande aliojua hakuna atakayeutazama. Machozi yanamtoka Mama Samaki, wala hajifichi.

"Miaka yote hii uzuri wake ulikuwa unautazama ukuta," anasema.

Anakadiria miezi minne ya kufuta kijivu na kuzinakili nukta zile upande wa pili. Baba yake, anayetembelea mkongojo sasa, ndiye atakayeonyeshwa kwanza. Lakini tumaini kubwa la Mama Samaki ni jingine, na analisema kwa sauti ya chini.

"Natamani siku moja aje mvuvi aniambie nimekosea rangi," anasema. "Aniambie, mama, jana nimemwona."